Harufu ya Stroberi

Juzi usiku mwanangu alipandwa na homa. Nilipofungua chupa ya parasetamoli ya watoto, ile ya rangi ya waridi yenye harufu ya stroberi, paka wetu Ukoko alikuwa amejikunja miguuni pake kitandani kama kawaida. Mtoto akanywa dawa yake, akajifuta mdomo, akaniuliza, "Mama, na Ukoko umpe kidogo? Na yeye pua yake ina moto."

Nikaifunga ile chupa upesi, nikaipandisha juu ya kabati. Mkono ulinitetemeka. Mtoto akadhani nimekasirika.

Ilikuwa Julai 2021, baridi ya Nairobi imekaza, bado tunakaa ile nyumba ya South B ghorofa ya tatu. Nilimchukua Ukoko kwenye makao ya wanyama kule Karen. Mambo ya karatasi yalikwisha haraka: fomu, nakala ya kitambulisho, ruhusa ya mwenye nyumba, na maswali mengi kuhusu madirisha, maana paka akiegemea wavu uliolegea huanguka nao. Alikuwa ameshafungwa kizazi na kuchanjwa. Mwaka mmoja hivi, kilo mbili na nusu, nyeusi na hudhurungi zimechanganyika kama ukoko wa wali wa nazi. Jina lilijileta lenyewe kabla matatu haijafika mjini.

Mzee aliyekuwa akiwatunza paka aliniambia mambo mawili. La kwanza: "Mwanangu, huyu na yule mweupe wamelala kizimba kimoja miezi minne. Ukiweza, wachukue wote wawili." Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, nikasema siwezi. La pili, alinikatia kipande cha blanketi kuukuu walilokuwa wakililalia. "Kiweke pale atakapolala. Usikifue."

Nilikifua. Kilinuka mkojo, na kwetu Mombasa kitu chenye harufu ya mkojo hakivuki kizingiti. Nikakiloweka kwa sabuni na Jik, nikakianika, kikawa cheupe na hakina harufu ya yeyote.

Mengine niliyafanya sawasawa. Nilimtengea chumba kimoja tu kwa wiki ya kwanza, kwa sababu paka mgeni akifunguliwa nyumba nzima hana kona anayoijua, na atajibana nyuma ya friji asitoke. Beseni la mchanga niliweka pembe moja, chakula na maji pembe ya mbali, maana paka hapendi kula karibu na choo chake. Boksi nikalilaza ubavu, nikalifunika leso nusu, awe na mahali pa kutuona bila kuonekana. Siku ya pili akaanza kupiga chafya.

Waliochukua paka makaoni wanayajua mafua haya. Paka wengi hubeba virusi vyake tangu wakiwa wadogo, vimelala mwilini; paka akihamishwa na kuingiwa na hofu, vinaamka. Chanjo hupunguza makali, haizuii kabisa. Na kwa paka mzima mafua yenyewe si ya kuogopa sana. Cha kuogopa ni pua. Paka hula kwa pua. Pua ikiziba, sahani ya omena iliyo mbele yake ni sawa na sahani tupu. Akipitisha siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini huanza kukimbilia kwenye ini, ini likalemewa, ufizi na macho vikageuka manjano. Akifika hapo, kumrudisha ni kazi ya wiki nyingi.

Mimi hayo niliyajua baadaye. Usiku wa tatu nilichokiona ni paka ambaye hajagusa chakula, macho yana matongo, kamasi imeganda puani, masikio yanachoma. Nikafanya ambalo mama yangu angenifanyia mimi.

Nilimfunga kwa leso kama mtoto mchanga, kichwa tu nje, nikamlaza mapajani. Sakafu ilikuwa baridi. Nikavuta dawa ya mwanangu kwa bomba la sindano, bila sindano, mpaka mstari wa kwanza. Tone moja likaning'inia kwenye ncha, la waridi, linang'aa kwa taa ya simu. Chumba kizima kikanuka stroberi. Nikalisogeza hadi kwenye ndevu zake. Paka yeyote mzima angegeuza uso, angekunja pua, angepigana nami. Ukoko hakutikisika. Hakuinusa. Nikadhani amekubali.

Simu ikalia mkononi mwangu. Nilikuwa nimemwandikia daktari ambaye namba yake ilikuwa kwenye kadi ya chanjo, nikimuuliza kipimo.

"Mama, umempa?"

"Bado, daktari, ndiyo nataka—"

"Weka chini. Weka chini sasa hivi."

Akanieleza taratibu, nami nimeshika bomba. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama ini la mtu. Dawa hubaki ikawa sumu, damu ikageuka rangi ya kahawia, ikashindwa kubeba hewa. Ufizi huwa kama tope, uso na nyayo huvimba. Nusu ya kidonge cha kawaida inatosha kumuua paka. Chupa ile ile iliyomlaza mwanangu usingizi wiki iliyotangulia.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Saa saba usiku nilifungulia maji ya moto bafuni, nikafunga mlango, tukakaa ndani ya mvuke dakika kumi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka, yakapoa yakawa vuguvugu. Pamba mpya kwa kila jicho, kisha puani, kulainisha ile kamasi bila kuibandua kwa nguvu. Omena nikaichemsha bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu nacho huharibu damu ya paka, nikaiponda ikiwa bado na joto ili harufu ipande. Saa kumi alfajiri akalamba mara moja. Akasita. Kisha akala. Asubuhi daktari alimpima akampa vidonge vya doksisaiklini, kila kimoja kifuatwe na maji kidogo kwa bomba, kwa sababu kikikwama kooni mwa paka kinachoma.

Baada ya wiki tatu nilirudi Karen kumchukua yule mweupe. Kizimba kilikuwa na paka wengine. Yule mweupe alikuwa ameondoka na familia nyingine wiki iliyotangulia. Nikamweleza mzee habari za blanketi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mafua yangeweza kuja hata kama nisingelifua. Yangeweza. Sijui kama alikuwa akinieleza au alikuwa akinihurumia, na nilishindwa kumuuliza.

Homa ya mtoto ilishuka alfajiri. Blanketi lake lina jasho na limejaa manyoya ya Ukoko. Leo ni siku ya tatu, bado sijalifua.