Alama ya tairi moja

Tulimzika saa kumi mwenzetu wa bodaboda, aliyegonga lori lililoharibika barabarani, na magharibi ile kijiweni Mlandizi kila mtu alikuwa na lake. Huyu anasema siku yake ilifika, yule anasema dereva wa lori ndiye muuaji. Ajali haina kinga, tukaitikiana, mara mazungumzo yakahamia kwenye bei ya wese. Mwenyekiti wa kijiwe, mzee aliyeendesha malori ya Zambia miaka mingi kabla ya kushika pikipiki, hakuchangia neno. Alipokuwa anaondoka akasema: "Kesho alfajiri, kabla hamjabeba abiria, twendeni tukapaone alipogonga."

Lori lililoharibika lilikuwa limeshavutwa. Matawi aliyoyatandaza tandiboi nyuma yake yalikuwa bado barabarani, yamesagwa na mabasi. Kwenye Barabara ya Morogoro usiku, mara nyingi matawi ndiyo onyo pekee unalopewa. Mwenyekiti akaanzia pale lilipokuwa lori, akarudi nyuma akihesabu hatua kando ya mstari mweusi kwenye lami. Thelathini na kitu.

"Hii ni tairi ya mbele au ya nyuma?"

Tukatazamana.

"Ya nyuma, wanangu. Ya mbele haikufungwa kabisa."

Akaeleza, huku anasukuma pikipiki yangu na kuibana ghafla ili tuone shokapu za mbele zinavyozama. Ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linaburuza tu na kuacha alama. La mbele ndilo lenye nguvu ya kusimamisha. Sisi kijiweni tulikuwa tunarithishana kwamba breki ya mbele inapindua, na wapo waliolegeza waya wake kabisa wasije wakaugusa kwa bahati mbaya. Mzee hakubisha moja kwa moja. Kwenye mchanga, au ukiwa umelala kwenye kona, kweli itakuangusha. Penye lami kavu na pikipiki imenyooka, unaibana pole pole huku ukiongeza, na mguu nao unakanyaga.

Kisha akaufuata ule mstari, na kabla haujaisha akasimama. "Kwa breki zote mbili, huenda angekuwa amesimama hapa."

Nimeusikia ukimya wa misiba mingi. Ule ulikuwa na hasira ndani yake.

Kiza kilikuwa hakijaisha, akatuamuru tuwashe taa kuelekea kwenye matawi. Nyingi zilimulika majani ya miti ya pembeni juu kabisa. Vishikio vyake vilishalegea siku nyingi. Kwa mwendo wa 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde nzima inaweza kupita kabla mkono haujaitika. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki unakuwa mara nne. Hesabu hiyo hatukuwahi kuulizwa popote.

Mama mmoja anayeuza mihogo akatuletea kofia ngumu aliyoiokota mtaroni. Haikuwa na ufa. Kifungo cha kidevuni kilikuwa kimekatika zamani, na mkanda umefungwa fundo na kuchomekwa ndani usipepee. Ilimtoka kichwani kabla hajagonga. Miaka baadaye nilisoma mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008: kofia hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kofia iliyo kichwani.

Asubuhi ile foleni ilikuwa kwa fundi. Mwenyekiti alikagua breki za mbele na mikanda ya kofia, na aliyekutwa na kasoro hakupangiwa zamu. Saa nne bosi mwenye pikipiki ninayoendesha akapiga simu kuulizia hela yake ya hesabu. Nikamwambia nipo kwa fundi, nabadilisha waya wa breki ya mbele.

"Ya mbele ya nini? Si una ya mguu?"

Nikamwambia, bosi, njoo Mlandizi nikakuonyeshe kitu barabarani. Hakuja. Waya nikanunua kwa hela yangu.