Siku ya draiva asiye na gari

Saa 11 alfajiri niko kwenye foleni ya mwendokasi Kimara, begi kifuani. Jirani yangu anaamini naendesha basi, maana niliwahi kumwambia kazi yangu ni draiva. Nimechoka kumsahihisha. Draiva ninayoandika ni kiprogramu kinachokaa ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na kuzungumza na kifaa. Kwa sasa kifaa chenyewe ni mizani ya kupimia maziwa.

Saa 2. Chai, chapati, barua pepe. Kijana wetu mpya ameomba nafasi ya kumbukumbu kwa GFP_KERNEL, njia ya kawaida, ndani ya intarapti, yaani pale kifaa kinapokatiza kazi ya kompyuta ghafla. Namweleza kwamba ombi hilo huweza kulala likisubiri nafasi, na kwenye intarapti hakuna kulala. Atumie GFP_ATOMIC, ombi lisilosubiri, na ajiandae kunyimwa.

Saa 3 na nusu, simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, mizani yenu ina uchawi."

Ni msimamizi wa kituo kimoja cha kukusanya maziwa huko mikoani. Mzee kaleta kilo 12, skrini ikaandika 31, uzito wa aliyemtangulia. Haitokei kila mara, ni mara moja au mbili kwa asubuhi. Nikauliza kama waya umelegea. Akasema waya ameshaukaza mwenyewe, na hakunipigia simu kuhusu waya.

Kuanzia hapo sikuangalia saa tena. Uzito ukitoka kwenye mizani huandikwa moja kwa moja kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, bila kupitia prosesa, ndiyo DMA. Prosesa nayo hupenda kusoma nakala yake iliyo kwenye kache, kumbukumbu yake ndogo ya haraka. Nakala hiyo isipotupwa kwa wakati, unasoma habari za mtu aliyekwisha kuondoka. Kompyuta nyingi za mezani zinalinganisha hayo zenyewe. Bodi yetu ndogo ya ARM haina huruma hiyo, mwenye draiva ndiye anayelinganisha.

Nikakagua dma_map_single na dma_unmap_single, amri zinazofanya ulinganisho huo: zipo, tena mahali pake. Nikaongeza printk, amri ya kuchapa ujumbe, ili nione kinachopita. Kosa likatoweka. Nikaiondoa, kosa likarudi. Nikairudisha, likatoweka tena. Kila jaribio ni kujenga keneli upya, kuiweka kwenye kadi, kuwasha bodi, kisha kupandisha na kushusha mawe ya mizani kama mwuza nyanya. Wali maharage nilikula kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye jiwe la kilo 5. Mkono ukauma, mgongo ukauma, na bosi akapita mara mbili kuuliza "bado?" kwa ile sauti ya upole inayoudhi kuliko kelele.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nilipoacha mawe nikasoma muundo wa data neno kwa neno. Bafa, yaani kijisehemu cha kumbukumbu, ya baiti 16 ya kupokea uzito, na chini yake kabisa, kihesabu cha vipimo. Kache haichukui baiti mojamoja, huchota fungu zima, na kwenye chipu hii fungu ni baiti 64. Wawili hao walikuwa wanalala kitanda kimoja! Prosesa ikiongeza kihesabu wakati mizani inaandika, fungu zima hurudishwa RAM pamoja na uzito wa zamani, nao unaufunika mpya. Aliyewalaza pamoja ni mimi, mwaka juzi.

Nikaipa bafa kipande chake peke yake cha kumbukumbu kwa kmalloc, mbali na kihesabu. Mistari minne. Bosi akaitazama, akanitazama mimi. "Siku nzima?" Ndiyo, siku nzima, na nilijivuna kimoyomoyo.

Usiku, nikiwa nimening'inia kwenye basi, nikampigia yule mama wa kituo kumwambia atapata toleo jipya kesho. Akashukuru. Nikamuuliza ni wangapi wamelalamika. Wanne, wote waliopunjwa. Waliozidishiwa, akasema, hajamwona hata mmoja.