Jifanyie usaili wa nafasi unayoishika tayari

Jieleze kwa ufupi. Kwa nini tukuajiri wewe? Udhaifu wako ni upi? Unajiona wapi baada ya miaka mitano? Maswali haya watu huyakariri wiki nzima kabla ya kuingia mbele ya jopo, na wakishatoka hawayataki tena. Ni hasara kubwa. Ukiyatoa kwenye chumba cha usaili na kuyaondolea hofu ya kukosa kazi, yanakuwa mchezo mzuri wa kujitazama. Unahitaji jioni moja, daftari, simu ya kurekodi sauti, na ikiwezekana mtu mmoja au wawili mnaoaminiana.

Sharti la kwanza: usijisaili kwa kazi unayoitamani, maana hiyo itakuvuta ujipambe. Chagua nafasi unayoishika tayari. Baba wa nyumba, dada mkubwa, mweka hazina wa kikoba, jirani wa mlango wa pili, mwalimu wa kwaya. Nafasi hizo hakuna aliyekufanyia usaili ulipozipata, na ndizo zenye ushahidi mwingi kuliko kazi yoyote ya ofisini, kwa sababu kuna watu wanaokuona ukizifanya kila siku.

Anza kwa kuandika tangazo la nafasi hiyo. Fuata muundo wa matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma pale Tanzania: majukumu ya kazi, sifa za mwombaji, mshahara. Majukumu manane yanatosha, na kila moja liwe jambo linaloonekana kwa macho. "Kusimamia fedha kwa uadilifu" halifai. "Kuhesabu michango mbele ya wanachama wawili kabla ya kikao kufungwa" linafaa. Kisha weka ule mstari wa mwisho ambao kila aliyewahi kusoma matangazo hayo anaujua, ule wa kufanya kazi nyingine kadri utakavyopangiwa na kiongozi wako wa kazi. Chini yake orodhesha kila ulichofanya mwezi uliopita ambacho hakimo katika yale manane. Usiipite sehemu hii haraka. Dada mkubwa anaweza kuandika kwamba jukumu lake ni kufuatilia ada ya mdogo wake na kuwapigia wazazi simu, halafu "kazi nyingine" zikajaza ukurasa mzima: kupatanisha wajomba, kukopa kwa niaba ya kaka, kupokea wageni wanaokuja hospitali mjini. Hapo ameshaiona kazi yake halisi kabla hata swali la kwanza halijaulizwa.

Sasa maswali. Andika kumi kwenye vikaratasi, vikunje, kila mtu avute matano. Jibu moja lipewe dakika mbili, na kudodosa kupewe dakika tatu, kwa hiyo mtu mmoja humaliza ndani ya dakika 25. Ukizidisha hapo, majibu huanza kurudia yale yale. Jibu kwa mdomo kwanza huku simu ikirekodi, na kuandika kuje baadaye. Anayeanza kwa kuandika husahihisha kabla hajasema kitu, na anachosahihisha ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Uzito wote wa mchezo uko kwenye kudodosa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, John Flanagan, alichapisha mbinu aliyoijenga kutokana na kazi yake na marubani wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Badala ya kuuliza rubani mzuri ana sifa gani, waliuliza matukio: ni nini hasa mtu alifanya siku mambo yalipokwenda vizuri, au yalipoharibika. Maswali ya usaili yanayoanza na "tupe mfano wa siku ambayo..." yana undugu na mbinu hiyo. Sifa mtu hujipa mwenyewe bure. Tukio lina siku, lina watu, lina matokeo.

Chukua mweka hazina wa kikoba aliyevuta swali hili: "Tupe mfano wa siku ulipolazimika kumkatalia mtu unayemheshimu." Jibu la kwanza huwa namna hii: "Mimi ni mtu wa msimamo, kwenye hela za watu huwa siyumbishwi." Halina siku, halina mtu, halina kiasi. Msaili anadodosa: lini? Nani? Alitaka nini? Ulimwambia maneno gani? Ikawaje? Linakuja jibu la pili: "Kikao cha Juni. Shemeji aliomba mkopo wa shilingi 300,000 na bado alikuwa anadaiwa 180,000. Nikamwambia, 'Shemeji, katiba yetu hairuhusu mkopo juu ya mkopo.' Akanyamaza. Tulipotoka nje nikampa 50,000 za mfukoni mwangu, na nyumbani sikusema."

Sentensi ile ya mwisho isingepatikana kwa swali la "wewe ni mtu wa namna gani". Huyu ana msimamo kweli kwenye hela za kikundi, ila gharama ya msimamo huo anailipa mwenyewe, kimyakimya. Msaili mzuri hamshangilii wala hamkosoi. Anauliza jambo moja tu: "Ile 50,000 ilikuwa ya nini?" Halafu anasubiri. Kimya cha sekunde kumi hapo kina faida kuliko swali lingine lolote.

Mnaocheza mke na mume, au ndugu kwa ndugu, liondoeni kabisa "kwa nini" wakati wa kudodosa. Kutoka kwa jopo la wageni ni swali la kawaida. Kutoka kwa mwenzako linasikika kama shutuma, na utakachopata ni utetezi. Lini, nani, ulisemaje, ikawaje, ilikuwa ya nini: hayo yanatosha. Kila mchezaji awe pia na haki ya kusema "napita" mara moja bila kuulizwa sababu. Mtu aliyefiwa karibuni, au aliyetoka kuachishwa kazi, mpe haki hiyo bila kuihesabu.

Swali la udhaifu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuleta sifa iliyovishwa nguo za udhaifu: najituma kupita kiasi, nawaamini watu mno. Dawa yake ni kuuliza nani aliulipia udhaifu huo mara ya mwisho, na alilipa nini. "Huwa nachelewa" bado ni maneno. "Jumamosi mke wangu alisimama kituoni dakika 40 na mtoto mgongoni" ni udhaifu wenye bei. Njia ya pili ni kinyume chake: mtu anapata mlango wa kujisema vibaya na hatoki tena. Kwa hiyo udhaifu uwe mmoja, kwa dakika moja, saa ikilia mnaendelea na karatasi nyingine.

Kuna na hili la "tulifanya". Wengi tumelelewa tukiambiwa kujisifu ni aibu, basi ukimuuliza mtu alichofanikisha anajificha ndani ya wingi: tulijenga, tulichanga, tulifanikiwa. Heshima hiyo ni nzuri msibani na harusini. Katika mchezo huu inaficha kila kitu. Mdodose sehemu yake yeye, hata ikiwa ndogo. "Nilikuwa napiga simu za kuwakumbusha kila Alhamisi" ni jibu kamili, na mara nyingi ndiyo sababu ya ule mchango kufika.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni lile ambalo wasailiwa wengi huliogopa: "Tunaona pengo kwenye wasifu wako, ulikuwa wapi?" Mbele ya jopo mtu hulijibu kwa kujikunja. Kwenye mchezo, lipe muda mara mbili. Chora mstari wa miaka kumi iliyopita, weka alama za shule na ajira, halafu tazama sehemu zilizobaki tupu. Zijaze kwa vitenzi tu: nilimuuguza mama, nilinyonyesha, nilipalilia, nilijifunza kusuka, nilisubiri. Kwa kila kitenzi eleza ulikuwa hujui nini mwanzoni na ulikuwa unajua nini mwishoni. Aliyemuuguza mzazi mwenye kisukari amejifunza ratiba ya dawa, lugha ya manesi, hesabu ya nauli za kliniki, na namna ya kumlisha mtu asiyetaka kula. Hakuna cheti cha hayo, na wengi huyaita "nilikuwa nyumbani tu". Likitamkwa hilo "tu", msaili asikubali kupita.

La miaka mitano ijayo, kwa maoni yangu, liachwe. Linaleta matamanio ambayo hayana wa kuyadodosa. Weka mahali pake "kwa nini uliacha kazi yako ya mwisho?" ukiligeuzia mambo mengine uliyoyaacha: kwaya, urafiki, shamba, masomo ya jioni. Hili nalo liulizeni kwa "iliishaje", kwa sababu ile ile ya kukwepa shutuma. La mshahara halihitaji maneno mengi. Andika saa unazotumia kwa wiki na unachopata, iwe fedha, heshima au usingizi.

Wadhamini watatu nao wamo. Matangazo hudai watu watatu wa kuaminika wenye namba za simu. Hapa mmoja awe aliye juu yako, mmoja mnayelingana, na mmoja aliye chini ya mamlaka yako: mtoto, mdogo wako, msaidizi wa dukani. Andika unachodhani kila mmoja atasema, kisha mpigie huyo wa tatu umuulize kweli: "Nikikupa kazi ya kunieleza kwa mtu asiyenijua, utamwambia nini?" Usimkatize, wala usijitetee. Mtoto wa miaka minane hujibu vizuri kuliko mtu mzima, kwa kuwa hasemi sifa, anasema unachofanya.

Ukiwa peke yako mchezo unawezekana ila uchukue siku mbili. Siku ya kwanza jibu na urekodi. Kesho yake sikiliza ukiwa na kalamu, ukiwa msaili sasa, uandike lini, nani na ikawaje kila pale jibu lilipoteleza, kisha urekodi mara ya pili. Sauti yako itakuudhi dakika chache za mwanzo, endelea.

Jopo hufunga kwa "una swali lolote kwetu?" Msailiwa aandike maswali matatu kwa wale anaowatumikia katika nafasi hiyo, achague moja, na alipeleke kwa mwenyewe ndani ya wiki. Vikaratasi na tangazo vitiwe kwenye bahasha yenye tarehe. Baada ya miezi sita vuteni maswali yale yale, mjibu kwanza, ndipo mfungue bahasha.