Mota kwenye baiskeli ya Kimara–Kivukoni: mradi umefikia wapi

Wiki ya 1

Njia ya kwenda kazini, Kimara hadi Kivukoni jijini Dar es Salaam, ni karibu kilomita 16, na shida yake yote iko jioni. Asubuhi, Kimara hadi Ubungo ni mteremko; kurudi ni mlima, na miguu imeshachoka. Kwa mlima mmoja hakuna haja ya kununua baiskeli nzima ya umeme. Imechaguliwa mota ya habu ya mbele (inakaa katikati ya gurudumu), volti 36, wati 250, yenye gia ndani, na betri ya ampea-saa (Ah) 10, yaani wati-saa (Wh) 360.

Pima foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, kabla ya kulipa. Mota inataka milimita 100 kati ya masikio mawili ya foku, pale ekseli inapokaa. Ekseli yake ina bapa la milimita 10 wakati mfereji wa foku mara nyingi ni 9, kwa hiyo tupa itahitajika: kidogo kidogo, pande zote sawasawa, la sivyo gurudumu litakaa upande. Foku iwe ya chuma. Masikio ya alumini hupasuka.

Wiki ya 2

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kipande cha chuma cha kuzuia ekseli isizunguke kilibanwa kwa klipu legevu. Nati zikalegea, ekseli ikazunguka ndani ya masikio na kusokota waya unaopita katikati yake. Nyaya tatu nene za mota zikachubuka, zikagusana.

Kupima ni rahisi. Inua gurudumu, lizungushe kinyumenyume kwa mkono (kwa mbele mota hii haionyeshi kitu, inateleza tu kama friwili). Likikwama-kwama, chomoa plagi ya mota. Likiwa jepesi baada ya hapo, kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa mota) imeungua. Likibaki zito, nyaya zimegusana upande wa mota. Letu lilibaki zito.

Sasa vizuizi ni viwili, kila upande kimoja, na nati hukazwa tena kwa spana 18 baada ya kilomita 50 za kwanza.

Wiki ya 3

Betri ikijaa inasoma volti 42. Ikikaribia 31 kontrola inakata. Ukikanyaga huku mota ikisaidia, hesabu Wh 10 kwa kilomita: kwenda na kurudi ni 320, inatosha kwa shida. Ukizungusha mkono tu kama bodaboda, bila kukanyaga, inakula Wh 18 hivi kwa kilomita, na betri inakuishia maeneo ya Magomeni, mlima hata haujaanza. Ndiyo maana asubuhi mota inazimwa kabisa. Chaja ya ampea 2 huchukua saa 5, na Luku inaliwa yuniti 0.4 hivi.

Mvua si tatizo kama waya umeachiwa mkunjo kuelekea chini kabla haujaingia kwenye ekseli, maji yadondokee hapo. Bonde la Jangwani, lililo njiani, likijaa maji ni habari nyingine: habu ikizama, maji yanaingia palepale waya unapopita. Siku hiyo baiskeli ibaki kazini, rudi kwa basi lisilopita Jangwani.

Bado spoku. Mbili upande wa kulia zimeanza kutoa mlio, zinasubiri kukazwa Jumamosi.