Picha za Padri Browne

Leo mchana nimeziangalia picha za Padri Francis Browne, Mjesuiti (mtawa wa shirika la Kikatoliki la Yesu) wa Ireland, nikashindwa kuziacha.

Ndiye yule aliyepiga picha ndani ya Titanic mwaka 1912, akashukia Ireland kabla meli haijazama.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja akawa padri wa wanajeshi wa Irish Guards, kikosi cha jeshi la Uingereza, huko Ufaransa na Ubelgiji, kisha Ujerumani baada ya vita.
Alijeruhiwa, akavuta gesi ya sumu, na kamera hakuiacha.

Kinachonikaa moyoni ni mikono yake.
Mikono ileile iliyowapaka mafuta matakatifu askari waliokuwa wakikata roho, ndiyo iliyoshika kamera.

Alifariki 1960. Negativu zake (filamu za kusafishia picha), takriban 42,000, zikalala sandukuni hadi 1985!

Jamani, kwenu kuna sanduku la picha za wazee? Mlikuta nini humo?