Mbwa wa Bi Mkubwa

Idi hii tena amepiga. Saa mbili kasoro asubuhi, nakoroga uji wa binti yangu, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, spika juu.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Idi Mubarak."

"Marahaba mwanangu. Mkamwanangu hajambo?"

"Hajambo, bado amelala."

"Na mjukuu wangu?"

"Huyu hapa, anasubiri uji."

"Na mbwa wangu je?"

"Hajambo," nikasema. "Anakula vizuri tu."

Binti akainua macho kutoka kwenye daftari lake la kuchorea. "Baba, kwani sisi tuna mbwa?"

Mlionijua enzi za Tabata, Dar es Salaam, mnamkumbuka mbwa wangu Bosi. Nilimnunua kwenye foleni, mwanzoni mwa Juni 2017, kwa kijana aliyekuwa anapita katikati ya magari na boksi la tambi. Ndani mlikuwa na watoto wa mbwa wanne wamelaliana kama maandazi. Alianza na laki mbili na nusu, taa zilipokaribia kuwaka kijani tukawa tumefika 120,000. "Jamani Shepadi halisi bosi wangu, mbwa wa Kijerumani, baba yake yuko polisi. Ana wiki nane, chanjo zote tayari, bosi." Kadi ya chanjo alisema ataniletea kesho hapo hapo kwenye taa. Jina la mbwa likatokana na mauzo hayo.

Mke wangu nilimwambia ni kwa ajili ya wezi, maana wiki mbili nyuma walikuwa wameruka ukuta wakaondoka na mtungi wa gesi na nguo zote za kambani. Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba mwaka ule kila niliyesoma naye alikuwa anaposti mbwa. Mbwa kwenye sofa, mbwa kwenye siti ya mbele ya gari, mbwa kavaa fulana. Mimi nimekulia Iringa, nyumbani mbwa alikuwa wa kulinda mahindi na kula ukoko wa ugali, na daktari alimwona mara moja tu, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, nikiwa nimemfunga kamba ya katani tumepanga mstari chini ya mti na watoto wengine wa kijiji. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mbwa wa ndani ni shughuli nyingine kabisa.

Nyumba ilikuwa ya wapangaji watatu, ua mmoja, bomba moja, mita moja ya umeme wa LUKU. Chumba cha mbele alikaa Bi Mkubwa, mama wa Kitanga, mjane, aliyekuwa anakaanga vitumbua vya alfajiri. Alikuwa na paka mnene aliyekatiza juu ya mswala wake atakavyo, na hilo halikuwa na neno, paka si najisi, paka ni mwenyeji. Lakini siku Bosi alipoingia getini, Bi Mkubwa alichukua kipande cha mkaa akachora mstari barazani.

"Huyu wako asivuke hapa. Mate yake yakinigusa mimi nina kazi ya kuosha mara saba." Kisha akanitazama vizuri. "Na ninyi watu wa Iringa, huyo unamfuga au unamnenepesha?"

Kwa siku kumi utani ulikuwa huo huo. Bosi gani anakojolea kandambili. Jamani Shepadi gani huyu, sikio moja la Ujerumani, jingine la Manzese.

Siku ya kumi na mbili hakula. Jioni akatapika povu la njano. Asubuhi yake akaharisha, na harufu iliyotoka pale sitaki kuielezea zaidi ya kusema ni damu, na kwamba hadi leo nikipita karibu na bucha lisilooshwa vizuri napiga hatua mbili nyuma.

Daktari wa mifugo niliyempata alikuwa kijana aliyesomea SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro. Alikuja na pikipiki, ametoka kuchanja kuku wa mayai huko Kinyerezi, manyoya bado yamemganda kwenye buti. Akambana Bosi ngozi ya shingo, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kama hema. Akamfungua mdomo, akaangalia fizi, halafu meno.

"Huyu ulimnunua lini?"

Nikamwambia.

"Wiki nane hajafika mpaka leo. Umeuziwa mtoto wa wiki tano."

Parvo, akasema. Kirusi. Aliongea huku anatafuta mshipa kwenye mguu mwembamba kuliko kidole changu. Kwamba ugonjwa huu ni mgeni hata kwa mbwa wenyewe, ulizuka na kuenea duniani 1978. Kwamba hakuna dawa ya kukiua kirusi chenyewe. Unachofanya ni kumrudishia maji anayoyapoteza, kuzuia kutapika, kumkinga na bakteria wanaopenya kwenye utumbo uliochubuka, na kusubiri mwili wake upigane. Wengi wasiotibiwa hawamalizi siku tatu. Na chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane, ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka ya kumi na sita, kwa sababu kinga aliyopewa na maziwa ya mama inaweza kuizuia chanjo isishike. Kwa hiyo "chanjo zote tayari" kwa mtoto wa wiki tano haipo, hata muuzaji angekuwa mkweli.

Pa kumlaza mgonjwa hakuwa napo. "Utamlaza wewe," akasema.

Dripu nilikwenda kununua duka la dawa za watu. Mhudumu akauliza mgonjwa ana kilo ngapi, nikasema mbili na nusu. Akaweka mkono kifuani. "Jamani, pole. Ana siku ngapi?" Sikumsahihisha. Akanichagulia ule mpira wa watoto wachanga, wa matone madogo, akanipunguzia elfu moja.

Kufika saa nne usiku mambo yalikuwa hivi: mke wangu yuko msibani Makambako, chupa ya dripu ya Ringer inaning'inia kwenye msumari wa kalenda, Bosi kalala kwenye beseni juu ya khanga kuukuu, na mimi nimekaa chini nahesabu. Matone ishirini kwa dakika, daktari alisema. Tone moja, sekunde tatu. Yakizidi moyo utamwelemea, yakipungua atakauka. Kwenye simu nilikuwa na 3,200. LUKU ilikuwa inalia pii pii tangu magharibi, na zamu ya kununua umeme ilikuwa yangu. Nikasema nitanunua asubuhi.

Saa nane usiku ukakatika.

Hapo ndipo ilipo kumbukumbu yenyewe, mengine nimeyaeleza tu ili nifike hapa. Giza lile. Simu yangu ina asilimia tisa, nimeishika kwa meno ili mwanga uangukie kwenye kile kichupa cha matone, mkono mmoja umeshika mguu wa Bosi asiuvute mpira. Nje nasikia mlango wa mbele unafunguliwa, kandambili zinakuja. Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, Bi Mkubwa halali usiku mzima, na mimi nimemzimia taa akiwa kwenye uradi wake, daku bado hajapasha.

"Zamu ya nani?" akauliza mlangoni.

"Yangu Bi Mkubwa. Nisamehe."

Mwanga wa tochi yake ukapita ukutani, ukapanda kwenye chupa, ukateremka na mpira taratibu mpaka kwenye beseni. Ukakaa hapo. Nikasikia anavuta kigoda.

"Huyo anaugua nini?"

Nikamwambia. Hakujibu. Alikaa palepale kizingitini, miguu nje, tochi ndani, tasbihi mkononi. Baada ya muda niligundua kwamba punje zinapita kwa mwendo wa matone. Tone, punje. Tone, punje. Sikujua kama anamhesabia Mungu au ananihesabia mimi, na sikuthubutu kuuliza. Nilijua tu kwamba nimeacha kuhesabu na hakuna kilichoharibika. Paka wake alikuja, akamnusa mguuni, akaketi.

Ikifika saa tisa hivi, Bosi akajinyoosha ghafla, shingo nyuma, akatapika, na katika kutapatapa plasta ikabanduka. Mimi nimekamata sindano isitoke. Mkono wa pili uko kwenye chupa. Kichwa chake kikawa kinaning'inia pembeni mwa beseni, matapishi yanamrudia puani, anakoroma. Nilisema "Bi Mkubwa," basi, sikuwa na la kuongeza, hata sikuwa namwomba.

Akaingia. Akapiga goti, akapeleka kiganja chini ya taya la mbwa, akainua kichwa, na kwa kidole cha shahada akamtoa uchafu mdomoni kama anavyotolewa mtoto. Mkono mtupu. Kila kitu kilikuwa kimelowa, manyoya, mkono, upindo wa kanga yake.

"Bi Mkubwa, mate..."

"Nishanajisika tayari. Shika sindano yako."

Alimshika hivyo mpaka chupa ilipokaribia kwisha, labda nusu saa. Hakumbembeleza, hakumwita jina. Mara moja tu aliinama karibu, akasema kwa sauti ya kumkaripia mpangaji, "Pumua wewe. Kodi hujalipa."

Kabla ya adhana ya alfajiri alisimama akaniambia nimletee maji. Tukaenda bombani. Akachota udongo mkavu chini ya mwarobaini, kiganja kizima, akanipa kopo nimimine. Mara ya kwanza akauchanganya udongo na maji, akasugua mpaka kwenye kiwiko, katikati ya vidole, chini ya kucha. Mara ya pili maji matupu. Ya tatu. Alikuwa anahesabu kwa sauti, na nilipopitiwa kwenye ya tano kwa usingizi akanigonga kopo: "Mimina, baba." Ya sita. Ya saba. Kisha kanga nayo, kote ilikolowa, vivyo hivyo. Maji ya bomba la alfajiri mwezi wa Juni ni baridi hata Dar. Mwanamke mwenye miaka sitini na ushee, yuko kwenye mfungo, ameinama gizani. Mimi namwaga maji. Sikusema asante, sijui kwa nini. Nadhani niliona neno lenyewe dogo, kumbe kutosema ni kudogo zaidi.

Bosi alipona. Siku ya tatu alisimama, akalamba uji wa mchele, akaanguka, akasimama tena. Daktari akaniagiza nioshe sakafu kwa Jik, sehemu moja kwa thelathini za maji, sabuni peke yake haimalizi kile kirusi. Uani hakuna cha kufanya, akasema, udongo unaweza kukaa nacho mwaka mzima, usilete mtoto mwingine wa mbwa hapa. Nikautazama mwarobaini. Kwa binadamu hakina madhara, nilimuuliza mara mbili ili niwe na hakika.

Kuanzia hapo Bi Mkubwa akawa anamwita "mbwa wangu". Mstari wa mkaa ulibaki palepale, kila ukififia aliuchora upya, na Bosi aliujua. Alilala kwenye ncha yake, pua milimita chache kabla ya mkaa, anangoja vichwa vya samaki vinavyorushwa kutoka ng'ambo.

Yaliyofuata ni mafupi. Mke wangu akapata mimba, mama mkwe akasema manyoya ya mbwa yanaingia kwenye kifua cha mtoto, tukapata nyumba ghorofani, na mkataba ukaandika kwa herufi kubwa kwamba hairuhusiwi kufuga. Ningeweza kutafuta nyumba nyingine. Nilitafuta siku mbili. Bosi alikuwa keshafika kilo ishirini na tano, anakula kuliko mimi, na kuna bwana mmoja mfuga kuku Kibaha alitaka mbwa wa bure. Akaja na pikapu siku ambayo Bi Mkubwa alikuwa Tanga harusini. Bosi alipanda nyuma mwenyewe, mkia juu, sikio la Ujerumani limesimama.

Siku ya kuhama Bi Mkubwa akaniuliza yuko wapi mbwa wake. Nikasema ametangulia na mizigo.

Miezi ya mwanzo yule bwana alinitumia picha. Halafu ujumbe ukawa unabaki na tiki moja. Nikipiga naambiwa namba haipatikani. Hiyo ilikuwa 2018, mwaka aliozaliwa binti yangu. Tangu hapo kila Idi, ya Fitri na ya Kuchinja, nimejibu "hajambo" si chini ya mara kumi na nne. Wakati mwingine naongeza kitu. Mwaka juzi nilisema amenenepa.

Nilimaliza kukoroga uji. Binti alikuwa bado ananitazama, kalamu ya rangi hewani.

"Tulikuwa naye zamani," nikamwambia. "Kabla hujazaliwa."

"Sasa kwa nini umemwambia bibi anakula vizuri?"

Nikanyoosha mkono nichukue sukari. Kioo cha simu kilikuwa kinawaka, dakika nne na sekunde kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Upande wa pili nasikia kikaango cha vitumbua na mtu anavuta pumzi.

"Haya mwanangu," akasema Bi Mkubwa. "Mpe mtoto uji, utapoa."