Ongea naye, dada

Mwaka 2019 mdogo wangu alianguka na bodaboda barabara ya Dodoma, akafikishwa hospitali akiwa hajitambui. Alilala ICU siku 11. Mimi ni fundi cherehani. Nilifunga banda langu pale Msamvu, nikawa nashinda kwenye benchi la nje nikisubiri saa ya kuona wagonjwa.

Huko ndiko nilikojua kwamba fahamu hupewa alama. Nesi alimwita jina kwa sauti, kisha akalaza kalamu juu ya ukucha wa kidole gumba na kuikandamiza. Niliuma meno. Mkono ukajivuta kidogo, kama wa mtoto aliyeguswa usingizini. Akaandika 6. Kipimo hicho kilianzia Glasgow mwaka 1974: alama za macho, sauti na mwili zinajumlishwa, mzima anapata 15 na chini kabisa ni 3. Macho yalimpa 1, sauti 1. Mkono ule ndio uliompa 4.

Siku ya tano baba mdogo alisimama miguuni pa kitanda akasema tuanze kupanga habari za mazishi, mambo yasije yakatukuta ghafla. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nesi akamgusa bega: "Baba, hayo tukayaongelee nje." Kisha akanigeukia. "Na wewe dada, ongea naye. Mwambie leo ni siku gani, na nani amekuja."

Nikaongea, ingawa nilidhani ananifariji tu. Miaka miwili baadaye ndipo niliposoma habari za Adrian Owen, mtafiti wa ubongo aliyekuwa Cambridge.

Mwaka 2006 Owen na wenzake walieleza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari. Miezi mitano baada ya ajali alikuwa anafumbua macho, analala na kuamka, lakini ukimsemesha haonyeshi dalili yoyote. Wakamwingiza kwenye mashine ya MRI, inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mienendo ya mwili ikaamka. Fikiria unatembea chumba hadi chumba nyumbani kwenu. Zikaamka sehemu nyingine, zilezile zinazoamka kwa watu wazima wa afya. Kila mara aliendelea sekunde 30, mpaka alipoambiwa apumzike.

Wapo waliopinga: huenda neno "tenisi" lenyewe ndilo linaloushtua ubongo, bila mtu kuamua lolote. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo maana utafiti wa 2010 ulinigusa kuliko wa kwanza. Watafiti wa Cambridge na wa Liège, Ubelgiji, waliwapima wagonjwa 54, na watano wakaweza zoezi hilo. Mmoja wao alifundishwa kujibu: tenisi ni ndiyo, nyumba ni hapana, au kinyume chake. Akaulizwa mambo ya familia yake, kama vile jina la baba. Wakati wa kujibu hakutajiwa tenisi wala nyumba. Aliambiwa tu "jibu". Afikirie lipi, hilo lilikuwa lake. Maswali yalikuwa sita; matano alijibu sawasawa.

Halafu 2024 ukatoka utafiti mkubwa zaidi: kati ya wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote kwa mwili, 60 ubongo wao uliitikia. Robo nzima! Nilipoisoma hesabu hiyo nilimkumbuka baba mdogo pale miguuni pa kitanda, nikaumia upya.

Mdogo wangu hakupimwa hivyo, na hali yake ilikuwa tofauti na ya yule mwanamke. Sidai kwamba alinisikia. Nilipomuuliza alisema hakumbuki kitu, tangu alipowasha pikipiki hadi siku alipoliona pazia la kijani la wodini. Nyumbani wanasema basi, hakuwepo. Siwakubalii, kwa sababu pazia hilo aliliona siku ya tatu baada ya kuamka. Siku mbili kabla yake alikuwa akizungumza nasi. Alimtambua shangazi, akauliza pikipiki iko wapi. Leo hana kumbukumbu hata chembe ya siku hizo mbili. Lakini nilikuwepo, nimemshikia kikombe cha uji wa ulezi. Alionja, akakisukuma kikombe pembeni, akasema hauna sukari ya kutosha.